Kofia Moja, Vichwa Vitatu vya Hinokura

Hapo zamani! Na msiniulize zamani gani, maana zamani yangu mimi ni msimu wa karafuu uliopita. Jambo likishapita na roho ikatulia, kwangu hilo ni la zamani. Kaeni vizuri. Mkasi, punguza hiyo redio. Mwisho wa hadithi nitawauliza swali, na asiyekuwa na jibu asiniguse kahawa yangu.

Palikuwa na kijana fundi wa kuezeka, jina lake Faki. Msinitazame hivyo, ndiye huyo huyo, mwanangu. Faki alisikia kwamba kule Japani, milimani, ziko nyumba zilizoezekwa kwa matete, paa nene kushinda urefu wa mkono wa mtu mzima, na theluji ikirundikana juu yake halivunjiki. Aliyempa habari ni Mwalimu Chiyo. Mnamkumbuka, mama wa Kijapani aliyefundisha hesabu hapa Wete, yule aliyekuwa akila pweza kutushinda sisi. Alikuwa amestaafu, amerudi kijijini kwao Hinokura, akampigia simu akamwambia, "Njoo uyaone mapaa yetu kabla sisi wazee hatujaisha."

Faki akasema lazima aende. Mimi nikasema haendi. Kaka yake alikwenda Ulaya, akasema anarudi baada ya Ramadhani. Ramadhani ngapi zimepita? Nyamazeni, msihesabu.

Basi alivyong'ang'ania, nikatoa kofia niliyokuwa nikiishona na kuitoboa vitundu vya nakshi kwa mkono wangu tangu kiangazi. Hii hapa, itazameni lakini msiishike na mikono ya mafuta. Nikamwambia, "Faki, kofia hii usiivae, usiiuze, usimpe mtu kwa sababu amekuchekea. Mvishe mtu mmoja tu, yule atakayekurudisha kwangu ukiwa mzima."

Akacheka. "Mama, kitakachonirudisha ni ndege. Nimvishe rubani?"

"Nenda," nikamwambia, "utajua mwenyewe."

Akaenda. Akafika Hinokura, kijiji kimekaa juu ya bonde, nyumba chache, mlima mbele, mlima nyuma. Akapangiwa alale kwa Bibi Fusae, mjane mwenye nyumba ya zamani kushinda zote. Bibi mfupi, mgongo umepinda, lakini ulimi wake! Mwalimu Chiyo ndiye aliyekuwa akitafsiri, na Faki anasema yapo mengine Mwalimu alikataa kuyatafsiri.

Theluji ikashuka. Mwanangu hajaiona maishani. Ati ni kama unga wa muhogo unaochekechwa na mtu asiyechoka. Viatu vyake vikalowa chepechepe mlangoni. Bibi akavichukua, akavitundika juu ya jiko, kwani jiko lao liko katikati ya nyumba, shimo sakafuni, na moshi wake ndio unaoyatunza matete yasiliwe na wadudu. Siku ya kwanza viatu viko juu ya jiko. Siku ya pili viatu viko juu ya jiko. Faki anakula wali, anakunywa chai chungu, anapanda darini kutazama kamba za paa, raha mustarehe.

Paa lenyewe lilikuwa limechoka, upande mmoja unavuja. Bibi akamwonyesha marundo ya matete makavu chini ya ukingo wa nyumba. Kule mwenye nyumba hujiwekea matete yake kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, mpaka yatoshe. Yakitosha, kijiji kizima kinakuja kumwezekea bure. Bibi Fusae alianza kuyakusanya mumewe akiwa hai. Mwaka ule yalikuwa yametosha. Zamu yake ilikuwa imefika.

Sasa sikilizeni. Mwalimu Chiyo alipokuwa akiaga jioni ya siku ya pili, alimwona Faki akivitazama viatu vyake, akamwambia kwa utani, "Kwetu hapa viatu vinasema. Vitazame vizuri." Faki akauliza, "Vinasemaje?" Mwalimu akacheka, "Nitakueleza kesho." Akaenda zake.

Asubuhi ya siku ya tatu Faki anaamka, Bibi yuko nyuma anachimbua figili. Viatu vimekauka. Haviko tena juu ya jiko. Viko mlangoni, vimepangwa sawasawa, ncha zake zimeelekea nje.

Siku ya tatu, jamani! Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Na hapa kwetu mgeni akizidi si tunamsimamishia fagio kichwa chini nyuma ya mlango? Mtoto wa Kipemba hahitaji kuambiwa mara mbili. Akajisemea, "Viatu vimesema. Bibi amenichoka, na mtu mzima haambiwi toka." Uso ukamwiva kwa haya. Akakunja godoro, akachukua begi, akatoka kimya kimya ili asimwaibishe Bibi wa watu.

Kumbe wenzetu, mwenyeji akikugeuzia viatu vikatazama nje, amekuheshimu. Amekurahisishia, usihangaike kugeuka utakapotaka kutembea. Ndiyo maana yake tu! Bibi alitaka mgeni wake akanyooshe miguu uani, arudi ale supu.

Njiani Faki akapita nyumba ya Mzee Genzo, akamwinamia kwa salamu. Mzee Genzo alikuwa barazani kwake anakoka moto. Yeye na Bibi Fusae walikuwa hawasemeshani tangu walipogombania mfereji wa maji, ugomvi wa zamani mpaka kila mmoja amesahau nani alianza. Akamwona Faki anashika njia ya bondeni, njia ambayo theluji ikishuka hata mbwa haipiti. Akajua anapotea. Akanyamaza. Akasema moyoni, mgeni wa Fusae si mgeni wangu.

Theluji ikashuka. Ikashuka mpaka Faki hajui mbele wala nyuma. Akatembea, akaanguka, akainuka, akatembea. Miguu ikamuuma, kisha ikaacha kuuma, na hapo ndipo, wanangu, mtu anapaswa kuogopa. Kule jua likiingia nyuma ya mlima, mchana umekwisha. Anasema alifika mahali akamwita mama yake. Mimi nilikuwa hapa nimekaa, nachambua karafuu, sina habari.

Bibi Fusae aliporudi ndani akaona viatu havipo, begi halipo, godoro limekunjwa. Akamngoja mpaka jua likaanza kuzama. Hakurudi. Akapiga kelele mlangoni, sauti ikamezwa na theluji. Akapeleka mtu amwite Chiyo. Kisha hakungoja mtu. Akayakokota matete yake uani, rundo baada ya rundo, yote, akamwaga mafuta ya taa, akawasha ili mgeni wake auone mwanga.

Moto ukapanda juu kushinda nyumba. Kule bondeni Faki akaona wekundu, akasimama. Hatua chache mbele yake palikuwa na genge, ukingo wa mlima unaoshuka wima. Angeendelea kidogo, leo nisingekuwa na hadithi ya kuwasimulia, ningekuwa na matanga.

Mzee Genzo akauona moto, akadhani nyumba ya Fusae inaungua. Ugomvi ukamtoka kichwani. Akaja mbio, akaikuta nyumba ni nzima, na Bibi analia mbele ya matete. "Mgeni wangu!" Mzee Genzo aliijua njia aliyoshika Faki. Akavaa viatu vyake vya theluji vya fito, akashuka bondeni peke yake, mzee mwenye goti bovu, akamkuta mwanangu amesimama anautazama moto, hawezi hata kukunja vidole. Akambeba mgongoni. Faki mnamjua kwa mwili! Akambeba mlima mzima, na lile goti halijapona mpaka leo, anatembea kwa mkongojo.

Wakamlaza karibu na jiko, miguu baridi, migumu, haina rangi. Mwalimu Chiyo akaingia. Akavua koti, akapandisha fulana yake, akaichukua ile miguu akaikumbatia kwenye tumbo lake. Mkasi, ukicheka nakutoa nje! Ndiyo, mwanamke asiye mkewe, mwalimu wake mzee. Mungu amlipe. Akatetemeka, meno yanagongana, hakuiachia, mpaka Faki akapiga ukelele kwamba vidole vinamchoma. Bibi Fusae akapiga makofi. Mzee Genzo akakaa chini, akalia waziwazi. Na Mwalimu homa ikamlaza kitandani.

Alhamdulillahi! Niacheni niseme tena. Alhamdulillahi.

Mwalimu alipopona, wakakaa wote wanne kuzunguka jiko, na Mzee Genzo akinywa chai ndani ya nyumba ile kwa mara ya kwanza tangu ule mfereji. Faki akaitoa kofia, akawaeleza agizo langu. Mmoja tu, aliyenirudisha kwa mama.

Mngetegemea wagombanie, ee? Nyinyi mngegombania. Wale kila mmoja aliisukuma.

Bibi Fusae akasema, "Mpe Genzo. Mimi nimewasha moto tu, moto hautembei. Tena ni mimi niliyegeuza viatu bila kumweleza mgeni."

Mzee Genzo akasema, "Mimi nilimwona akipotea nikanyamaza. Kumbeba ilikuwa kulipa, na anayelipa hapewi zawadi. Mpe Chiyo. Mimi nilileta mtu aliyekuwa anakata roho, yeye ndiye aliyemrudisha."

Mwalimu Chiyo akasema, "Mimi niliishi kwao. Nalijua fagio la nyuma ya mlango. Kati yetu, aliyeweza kujua jinsi Faki atakavyovisoma viatu vile ni mimi, nami nikafanya utani nikaenda kulala. Mpe Fusae. Genzo goti limemuuma, mimi homa imeniisha, lakini paa la Fusae linavuja na matete hana."

Kofia ikazunguka jiko. Ikazunguka tena. Chai ikapoa. Faki akairudisha begini.

Asubuhi ya safari akaenda mlangoni, akavikuta viatu vyake vimeelekea ndani. Bibi Fusae aliamka alfajiri akavigeuza, asije akadhani tena anafukuzwa. Mwanangu akakaa pale kizingitini, akacheka huku machozi yanamtoka. Akavigeuza mwenyewe vikatazama nje, akavivaa.

Akaja. Nilimpokea bandarini, nikamkalisha juu ya gunia mbele za watu, nikamvua viatu, nikahesabu vidole vyake kama siku niliyomzaa. Vyote vipo. Ndipo nikalia.

Sasa ameniwekea hii kofia mapajani. "Mama, mimi nimeshindwa. Agizo ni lako, chagua wewe." Na matete ya kule yanakatwa kabla ya baridi, kwa hiyo anarudi Hinokura kumkatia Bibi Fusae mengine, na safari hii sikumkataza. Nimkataze kwa mdomo gani? Anaondoka wiki ijayo, na kofia lazima iende na jina.

Nishone nyingine mbili? Mkasi, nilijua utasema hivyo. Niliahidi moja, kwa mmoja, na ahadi ya mzazi haiongezwi viraka.

Haya. Aliyechoma paa lake, lakini ndiye aliyegeuza viatu. Aliyebeba kwa goti bovu, lakini ndiye aliyenyamaza. Aliyetoa joto la tumbo lake, lakini ndiye aliyejua asiseme. Mwanangu amelala ndani humo, mnamsikia anavyokoroma, na mimi kelele hiyo sitaki ikome. Kahawa iko tayari, vikombe hivi hapa, na anayetaka kunywa ajibu kwanza. Je, kofia hii nimvishe nani?