Bei Mpya na Mwalimu wa Kwaya

Ilianza Jumanne, saa tatu na dakika kumi asubuhi. Nawatajia hata dakika, wapendwa, kwa sababu saa tatu na dakika tisa dada mmoja mwenye duka alikuwa bado mtu mwema katika mji wake. Wateja walipita dukani wakamsalimu, wakamwuliza mama yake anaendeleaje na miguu. Dakika moja baadaye alibonyeza kitufe cha kutuma ujumbe, na kabla chai yake haijapoa alikuwa mwizi.

Ni mfano huu, msianze kumtafuta mtaani. Lakini naomba mniruhusu niwaeleze kazi yake, maana si wote tunaijua. Alikuwa na kiduka katika mji mmoja wa milimani, mji wa mvua nyingi, ambako umeme hukatika na kurudi kwa nguvu mpaka unaunguza vitu. Aliuza programu ya kutunza nakala. Wewe unafanya kazi zako kwenye kompyuta, na programu ile kila jioni inachukua nakala yake na kuipeleka mbali ikatunzwe. Kompyuta ikiungua, ikiibiwa, ikilowa, unakwenda kwa dada, anakurudishia vitu vyako kama vilivyokuwa. Watu waliinunua mara moja tu, ikawa yao. Ndivyo alivyomwambia kila mmoja kwa mdomo wake: "Ukinunua, umenunua."

Sasa kampuni iliyotengeneza programu ile, huko mbali, ikabadilisha neno. Kuanzia mwezi unaofuata hakuna tena kununua. Ni kulipa kila mwezi, na anayetunza vingi alipe zaidi. Asiyelipa hatafutiwa nakala zake, ila hataweza kuzifungua. Na wa kuwaambia watu alikuwa nani? Si dada?

Aliandika ujumbe ule kwa uangalifu. Bei ya zamani, bei mpya, tarehe ya mwisho, sababu. Aliusoma tena na tena asije akakosea hata nukta. Kisha akautuma kwenye kundi la wateja wake.

Wa kwanza kujibu alikuwa mwenye duka la dawa. "Yaani nimenunua ng'ombe, leo unakuja kuniuzia maziwa ya ng'ombe wangu mwenyewe?"

Watu wakaangua kicheko kwa vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi. Katibu wa shule moja akaongeza: "Waambie hao mabosi wako, huku mishahara haipandi kila wanapoota ndoto."

"Na wewe dada umekatiwa ngapi?"

"Mwacheni jamani. Mjumbe hauawi."

"Hauawi," akarudi mwenye duka la dawa, "lakini chai yangu hanywi tena."

Mnacheka? Na wao walicheka. Ni yeye tu hakucheka.

Akafanya nini? Akafanya ambacho wengi wetu tungefanya: akajieleza. Akatengeneza jedwali, huku bei ya zamani, huku bei mpya, huku punguzo la anayelipia mwaka mzima. Akaeleza kwamba kampuni nayo ina gharama zake. Kila alichoandika kilikuwa kweli. Na kila alipoandika kweli moja, watu wakatoka kwenye kundi.

Mchana, baada ya mvua, mlango ukasukumwa, akaingia mwalimu wa kwaya. Mzee mwembamba, koti lake limefungwa vifungo vyote. Mchana ana kibanda cha kuchapa na kutoa kopi karibu na soko. Jumamosi anafundisha kwaya ya usharika. Kompyuta yake iliungua miezi miwili nyuma, naye alikuwa bado anajipanga kununua nyingine. Kwa hiyo vitu vyake vyote, wapendwa, vilikuwa mahali pamoja tu: kwenye zile nakala.

"Shikamoo mwalimu," dada akasema, akasimama.

Hakuitikia. Mnaujua uzito wake. Mzee akikunyima marahaba, amekunyima hata nafasi ya kuwa mtoto wake.

Akaweka flashi juu ya meza. "Toa vitu vyangu. Leo. Halafu mimi na ninyi basi."

"Mwalimu, hii bei si mimi niliye..."

"Nimekuuliza bei? Nimesema toa."

Dada akaichomeka flashi, akatazama. "Havitaenea, mwalimu. Flashi hii ni ndogo. Kuna mitihani ya shule, kuna barua za watu, kuna picha za vitambulisho. Itabidi uchague vya kuacha."

Alitegemea mzee aanze kuhangaika, mtihani upi, barua ipi. Mzee hakuhangaika hata kidogo. "Kuna folda ya nyimbo. Chukua hiyo. Mengine acha."

"Yote? Lakini hiyo ndiyo kazi inayokulisha, mwalimu."

"Binti, una masikio?"

Akachukua nyimbo. Sasa, dada huyu alikuwa na desturi moja ya kazi ambayo hakuivunja hata siku ile aliyotukanwa. Akishahamisha vitu vya mtu, lazima afungue kimoja aone kama ni kizima. Nakala ambayo hujaifungua huwezi kuapa kwamba unayo. Basi akabonyeza wimbo wa kwanza, asijue kwamba spika ilikuwa juu.

Ikatoka sauti ya mwanamke anaimba peke yake. Hakuna kinanda, hakuna wenzake. Waimbaji mtanielewa: ndivyo walimu wengi wanavyofanya siku hizi, wanarekodi kila sauti kivyake, ya kwanza peke yake, ya pili peke yake, kisha wanawatumia watu kwenye simu wakajifunze wakiosha vyombo. Mwanamke huyu aliimba sauti ya kwanza, ile ya juu ya wanawake. Akafika mstari wa tatu, akaikosa noti ya juu, akakohoa, akacheka. "Baba Tusa, umeanza juu mno bwana. Shusha. Unataka watoto wa watu wapasuke koo?"

Mwalimu akakaa. Hakutafuta kiti. Alikaa palipokuwa karibu, juu ya boksi la printa.

Dada akanyoosha mkono azime.

"Usizime."

Wakasikiliza mpaka mwisho. Nje watu walikuwa wanapita wakikwepa madimbwi. Mzee alikuwa anatazama sakafu.

"Mama Tusa alituacha mwaka juzi, wakati wa Kwaresima," akasema. "Mpaka leo sauti ya kwanza wanafundishwa naye. Mimi ile sauti siiwezi, nikiijaribu mabinti wananicheka. Nawawekea yeye. Wapo wawili walioingia mwaka huu, hawakumwona hata siku moja, lakini ukiwasikiliza, wanavuta pumzi palepale anapovuta yeye. Tangu kompyuta iungue tunaimba za zamani tu. Kila Jumamosi nawaambia, subirini, mama yuko salama kwa yule binti."



"Nilinunua kwako. Ukaniambia, ukinunua, umenunua. Nikarudi nyumbani nikijiambia, mke wangu nimempatia nyumba. Leo asubuhi nasoma simu, naambiwa ni mpangaji. Nilipe kila mwezi. Na siku nikikosa, mlango unafungwa, yeye yumo ndani."

Wapendwa, dada alikuwa na majibu. Jedwali lilikuwa palepale kwenye kioo cha kompyuta. Punguzo la mwaka mzima alikuwa analijua kwa moyo. Niambieni, lingeingia wapi?

"Pole, mwalimu," akasema. "Sikujua."

"Ungejuaje? Hukuniuliza." Kisha mzee akajifuta uso kwa mkono wa koti. "Na mimi sikukwambia. Nilisema ni nyimbo." "Hebu irudishe pale anapocheka."

Akairudisha. Akairudisha tena. Mitihani na barua alizihamishia kwenye diski yake mwenyewe, azitunze mpaka mzee apate kompyuta. Mzee akaondoka na flashi yake ndani ya mfuko wa shati, ule wa upande wa moyo. Hakurudi kuwa mteja, nisiwadanganye.

Sasa tusiharakishe kumsifu dada wala kumlaumu mzee. Na waliobadilisha ahadi wana jambo la kujibu, sitalifunika kwa maneno laini ya mahubiri. Mtu akiambiwa kitu ni chake, kiwe chake. Wala sisemi kila anayegomba ana msiba. Wapo wanaogombea bei kwa sababu bei ni kubwa na mfuko ni mdogo, na hilo peke yake linatosha kumfanya mtu apige kelele.

Nauliza jambo moja tu. Ni wangapi waliolia siku ile kwenye lile kundi, na dada akawajibu kwa jedwali?

Na sisi je? Tulipoyatoa mabenchi ya mbao humu kanisani tukaleta viti vya plastiki, kuna mama aligomba mpaka tukamchoka. Tulimjibu, hatukumpuuza. Tulimwambia bei ya mbao. Tulimwambia viti ni vyepesi, wanaofagia hawataumia migongo. Yote kweli. Je, yupo hata mmoja wetu aliyemwuliza kwenye benchi lile alikuwa anakaa na nani? Sasa haji. Tunasema amekwazika kwa sababu ya viti.

Mtu akija kwako akipiga kelele juu ya bei, juu ya kiti, juu ya saa ya ibada, amekuja na kile anachoweza kukitaja. Kile asichoweza kukitaja amekiacha ndani, na ndicho anachokiogopea. Sisi tuna haraka ya kuwa sahihi. Tunashinda hoja, halafu tunashangaa mbona safu zimepungua. Mungu tunayemwomba anajua nani yumo ndani ya kila kilio kabla mwenye kilio hajapata maneno, na bado husubiri tuseme wenyewe. Ikiwa Yeye anayejua anasubiri, sisi tusiojua tunakimbilia wapi na majibu yetu?

Wiki hii, kabla hujamjibu anayekugombeza, nyumbani, kazini, hapo nje ya mlango wa kanisa, muulize. Muulize kama mtu anayetaka kujua. Halafu usiseme kitu mpaka amalize.

Najua mtaniuliza dada aliishia wapi. Asubuhi yake, Jumatano, alifungua duka mapema. Kwenye simu kulikuwa na maneno mapya, mengine makali kuliko ya jana. Hakuyajibu. Alitafuta namba ya mwenye duka la dawa akampigia.

"Enhe," yule kaka akapokea. "Umeamka na bei nyingine?"

"Hapana, kaka. Leo sina bei. Nataka kukuuliza kitu nilichopaswa kukuuliza tangu siku ile nilipokuuzia. Humo ndani ya nakala zako umeweka nini ambacho kikipotea hutalala?"

"Stoku ya dawa. Ulitaka niweke nini, mahindi?"

"Sawa. Na kingine?"

Kwa mbali dada akasikia mteja akiulizia dawa ya kikohozi, na yule kaka akimwambia apite baadaye.

"Subiri, dada," akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Ngoja kwanza nifunge mlango."

Dada akavuta kiti, akakaa, akasubiri.