Jinsi Mshubiri Ulivyopata Uchungu na Miiba

Sogeeni, na mwenye njugu mdomoni ameze kwanza, maana habari hii haitaki kelele. Zama hizo, kabla watu hawajajua kutoboa vijungu vya kupandia, mshubiri haukuwa huu mnaoukunjia uso. Ulikuwa na majani mororo yasiyo na mwiba hata mmoja, na utomvu wake ulikuwa mtamu, watoto wakiunyonya kama muwa. Ulipandwa ndani ya nyumba, katika kijungu cha udongo, ukanyweshwa maji asubuhi na jioni kama mgeni wa heshima.

Aliishi mwanamke aitwaye Mize. Alikuwa amezika watoto wawili kabla ya kumpata Kombo, na huyo Kombo, mama yake hakutaka hata upepo umguse. Mtoto alikwisha kujua kukimbia, alikwisha kujua kuwatukana kuku wa jirani, na bado alikuwa ananyonya. Uji aliusukuma, wali aliutema. Maziwa ya mama yake yalikuwa yamebaki kidogo tu, na miguu ya mtoto ikaanza kukonda. Mize aliyaona hayo yote. Lakini Kombo akilalama tu, mkono wa mama ulikuwa tayari kwenye kanga.

Mama mkwe wake, Bi Mwatima, hakuwa mtu wa kumung'unya maneno.

"Mwanangu, mwachishe. Mchelea mwana kulia, hulia yeye."

"Nitamwachisha, mama. Mwezi ukiandama."

Mwezi ukaandama, ukapevuka, ukafa, na Kombo yuko kifuani.

Alivyomlea mtoto ndivyo alivyoulea mshubiri wake mdogo uliokaa kando ya kitanda. Kila alipoingiwa na hofu juu ya Kombo aliumwagia maji, kwa kuwa alitaka walau kitu kimoja ndani ya nyumba kinenepe. Maji nayo hayakuwa na pa kutokea. Shina likalainika, majani yakageuka manjano, na kule chini kukaanza kunuka. Siku moja alipoinua kata ya maji, mshubiri ukasema, maana siku hizo mimea ilisema ikizidiwa.

"Bi Mize, tua kata. Mapenzi yako yananiozesha mizizi. Kitoboe hiki kijungu, nipe mchanga, uniweke juani. Na nikikuomba maji, usinisikilize."

Mize alifanya hivyo. Alikitoboa kijungu kwa ncha ya kisu, akamwaga tope, akatia mchanga na changarawe, akauweka mshubiri mlangoni palipopigwa na jua. Jua likauwakia. Mshubiri ukaomba, kama ulivyosema utaomba. Uliomba kwa upole, kisha kwa machozi, kisha ukamtukana. Mize alipita mlangoni akiwa amegeuza uso, na kila alipopita moyo ulimuuma. Mshubiri ulipoona huruma haiji, uliyakumbatia maji machache uliyokuwa nayo, ukaikaza ngozi, ukaota miiba kwenye kingo za majani. Hasira yake yote ilituama chini ya ngozi, ikawa utomvu wa manjano. Na mizizi ikapona.

Mize alipovunja jani kuona kama mmea u hai, utomvu ulimdondokea kidoleni. Akauonja, akatema mpaka machozi yakamtoka. Papo hapo Kombo akaja mbio, akamvuta kanga, akidai ziwa. Mize akasimama na lile jani mkononi. Alijua anachoweza kufanya, na hapakuwa na jambo alilolichukia kama hilo. Akajipaka chuchuni.

Mtoto alinyonya mara moja, akaachia. Hakulia kwanza. Alimtazama mama yake kama anayemtazama mtu asiyemjua.

"Mama, titi baya."

"Ndiyo, baba. Limekuwa baya."

Hapo ndipo alipoangua kilio, akakimbilia kwa bibi yake. Mize hakumfuata, ingawa miguu ilitaka. Alikaa mlangoni kando ya kijungu chake akalia, mama huku na mtoto kule. Jioni Bi Mwatima alikuja na bakuli, akaliinamisha mbele yake. Lilikuwa tupu. Kombo alikuwa amekula uji wote.

Na tangu siku hiyo mshubiri ni mchungu, tena una miiba. Kijungu chake hutobolewa chini, na anayeutunza huugusa udongo kwanza, akiukuta mkavu kabisa ndipo autie maji kidogo. Ila ukiimenya ile ngozi ukaosha umanjano wake, ndani utakuta ute mweupe, baridi, unaomtuliza aliyeungua, kwa sababu wema wake wa zamani uliuficha huko. Na mpaka leo mama anayeachisha mtoto ziwa huja mlangoni kwa jirani kuomba jani moja. Mtoto hulia siku hiyo, kesho akasahau. Mama ndiye anayechelewa kunyamaza.