Ndovu-Jembe na Mmea Uliochukua Jina Lake

Hao mnaowaona wakivuka bonde, wale wakubwa wenye rangi ya udongo, ni masalia. Nawaambia kama nilivyoambiwa na shangazi yangu, naye kama alivyoambiwa na waliomlea. Zamani, ardhi hii ilipokuwa na maziwa na misitu kila upande, ndovu hawakuwa wa namna moja. Walikuwa koo nyingi, na kila ukoo ulikuwa na umbo lake.

Walikuwepo wenye pembe nne, mbili juu na mbili chini, waliokula mimea ya kandokando ya maji. Walikuwepo wafupi, ambao hata jike mzima angekufika kiunoni, waliopita chini ya vichaka bila kutikisa jani. Na walikuwepo ndovu-jembe. Hao ndio waliokuwa wakubwa kuliko wote. Pembe zao hazikuchomoza mbele kama za ndovu mnaowajua. Ziliota kwenye taya la chini, zikashuka kuelekea ardhini, na nchani zikapinda kurudi nyuma, kama jembe linavyomwelekea anayelima. Walipotembea msituni, watu waliwahisi kwanza kwenye nyayo, masikio yakafuata baadaye. Ndovu wetu huyu wa leo alikuwa mdogo wao wa mwisho. Alitembea nyuma yao na kula walichobakiza.

Kisha mvua ikaanza kupungua. Haikukatika ghafla. Kila mwaka ilichelewa kufika na iliwahi kuondoka, mpaka wazazi wakawa wanawasimulia watoto habari zake kama za ndugu aliyehamia mbali. Maziwa yakawa madimbwi, madimbwi yakaacha chumvi. Misitu ikarudi nyuma hadi milimani. Wenye pembe nne walikwenda zao kaskazini, na hakuna aliyewaona wakirudi. Wale wafupi waliisha kimyakimya, hata haikujulikana ni lini wa mwisho alikufa. Ndovu-jembe nao walikula majani laini ya miti mirefu, na miti ile ilipokauka, njaa ikawamaliza mmoja baada ya mwingine.

Mwishowe akabaki jike mmoja, mzee, asiye na hata mmoja wa ukoo wake wa kusimama naye. Ndovu wa ule ukoo mdogo wakamchukua. Alikwenda nao kila walikokwenda, na kwa kuwa mwendo wake ulikuwa mzito, kundi zima lilitembea polepole kwa ajili yake.

Watu wakati huo walikuwa wachache. Kulikuwa na kambi moja kando ya dimbwi la mwisho, na mkuu wake aliitwa Mwandoe, mwindaji hodari, mtu wa maneno machache. Mama yake mzazi, Mkamburi, alikuwa bado hai, ila magoti yalikuwa yamemwisha, akijikokota kwa mikono kutoka kivuli hiki kwenda kile. Aliyemtunza ni mjukuu wake, Wakesho. Huyu alikuwa mtoto wa dada yake Mwandoe aliyefariki, na Mkamburi ndiye aliyemlea tangu akiwa mchanga mpaka akawa mwari mwenye nguvu.

Dimbwi lilipobaki tope, Mwandoe aliamua wahamie mlimani. Na desturi ya wakati ule, msishangae, ilikuwa kwamba mzee asiyeweza kutembea huachwa. Alijengewa uzio wa miiba ili fisi wasimfikie upesi, akawekewa chakula kidogo na maji, wakamlilia palepale akiwa anawatazama, wakaenda. Hakuna aliyeona kuwa ni ukatili. Mwandoe alimjengea mama yake uzio kwa mikono yake mwenyewe, na aliujenga vizuri.

"Wakesho, twende," akasema.

"Tangulieni, mjomba. Mimi nabaki na bibi."

"Maji niliyoacha ni ya mtu mmoja."

"Yatatutosha. Bibi hanywi sana."

Mwandoe akamtazama mama yake, akitarajia amkemee msichana. Mkamburi alikuwa ameinamisha kichwa. "Nimemwambia aende," alisema. "Hasikii. Hata wewe ulikuwa hivyohivyo."

Mwandoe akaokota mkuki wake. Aligeuka, akawatangulia watu wake, wala hakutazama nyuma.

Kibuyu kilikauka upesi. Asubuhi walipokikung'uta kikatoa tone la mwisho, ardhi ilianza kutetemeka chini yao, taratibu, kama moyo unaodunda. Kundi la ndovu lilikuwa linapita, na katikati yake alikuwemo yule jike mkubwa. Wakesho hakuwahi kumwona kwa karibu namna ile. Mgongo wake ulikuwa juu kuliko migunga. Kila alipokanyaga, vumbi lilipanda likabaki limesimama hewani, na zile pembe zake zilikwaruza majani makavu kila alipoinamisha kichwa. Wakesho alisahau kiu. Alisahau hata kujificha.

"Fuata nyayo zao," Mkamburi akamwambia. "Wale hawatembei bure."

"Na wewe je?"

"Mimi niache. Nimeshaachwa, nimezoea."

Wakesho akachuchumaa mbele yake, akampa mgongo. "Panda, bibi."

Akambeba, akausukuma uzio wa miiba kando. Alikwenda akipumzika, akainuka, akaenda tena, huku jua likiwaka na midomo ya wote wawili ikipasuka. Kama ndovu wangekuwa na haraka, asingewafikia kamwe. Lakini nao walikuwa wana mzee wao, na kila jike yule aliposimama kuvuta pumzi, kundi zima lilisimama. Kwa hiyo msichana mwenye mzigo mgongoni aliweza kuliona vumbi lao mbele yake muda wote.

Walisimama kwenye kona ya mto uliokauka. Wakesho akamteremsha bibi yake nyuma ya jiwe, wakatazama. Ndovu walikuwa wanachimba kwa miguu. Waliutoa mchanga wa juu bila shida, lakini chini yake palikuwa na tabaka gumu kama mwamba, na miguu yao iliteleza juu yake. Ndama walikuwa wamelala ubavu, mikonga imenyooka mchangani. Jike kiongozi wa kundi alijaribu, akashindwa, akajaribu tena. Kisha akarudi nyuma.

Ndipo ndovu-jembe akasogea. Wote wakampisha. Alipiga magoti ya mbele, akainua kichwa chake kile mpaka jua likafichika nyuma yake, akakishusha.

Shangazi yangu alikuwa akifika hapa anaweka kiganja ardhini. Alisema mshindo ule haukuja kwa masikio. Ulitoka chini, ukapanda kwa miguu, ukagonga meno. Ndege wote wa bonde waliruka kwa pamoja. Mkamburi, aliyekuwa amefumba macho kwa uchovu, aliyafumbua na hakuyafumba tena. "Mjukuu wangu," alinong'ona, "mimi nimeishi sana, lakini ukubwa nauona leo."

Jike alipiga tena, na tena. Alipopasua, aling'oa mapande kwa kuvuta pembe kuelekea kifuani, kama mkulima avutavyo udongo. Wenzake walisogea wakamzunguka ubavu kwa ubavu, wakamkinga jua kwa miili yao, na waliochoka wakapokewa na wengine. Damu ilimtoka taya. Hakuacha. Jua lilipoinama kidogo upande wa pili, ardhi ikatoa sauti ndogo, kama mtu anayemeza mate, na maji yakaanza kupanda, kwanza meusi, halafu meupe.

Hakunywa. Alijivuta hadi ukingoni ili shimo libaki wazi, akalala pale, na ndama wakaingia. Walipokwisha kunywa, wakubwa wakanywa. Baadaye wakataka kumwinua. Wengine walimsukuma kwa vipaji vya uso, wengine walimzungushia mikonga shingoni. Kiongozi alichota maji kwa mkonga akammiminia kinywani, na maji yakarudi nje. Jua likiwa bado linawaka, ndovu-jembe alikilaza kichwa juu ya udongo alioutoa mwenyewe, akatulia. Na hapo ukoo wake ukawa umekwisha duniani.

Ndovu wale hawakulia kama sisi. Walivunja matawi, wakang'oa nyasi, wakachota mchanga, wakamfunika mpaka pakawa kama kilima. Kisha wakasimama.

Wakesho alijua kuwa bibi yake hawezi kungoja zaidi. Akambeba, akatoka nyuma ya jiwe, akapiga hatua kuelekea majini. Kiongozi akaja. Alinyoosha mkonga, akampapasa Mkamburi kichwani, mabegani, mikononi, na alipofika kwenye magoti yaliyokufa akakaa hapo kwa muda mrefu. Halafu akashusha pumzi, akasogea kando. Wakanywa.

Bibi na mjukuu walikuwa bado wako pale, watu wa kambi walipotokea. Chemchemi za mlimani walizikuta zimekauka, na walipoona ndege wakizunguka juu ya mto, wakaja. Ndimi za watoto zilikuwa zimevimba. Mwandoe alikuwa mbele, amembeba mtoto wa mtu mwingine, na alipomwona mama yake ameketi kando ya maji akakwama kama aliyepigwa.

"Mama! Sisi tulishakulilia."

"Mtanililia tena nikifa," Mkamburi akasema. "Mpe huyo mtoto maji kwanza."

Walikunywa, na kiu ilipopoa njaa ikapanda. Mwandoe alikitazama kile kilima cha matawi, akaona ncha ya pembe imechomoza. Akachukua mkuki wake.

"Mjomba, usiende," Wakesho akamwambia. "Hayo maji uliyokunywa, yeye ndiye aliyeyachimba."

"Aliyekufa haumii. Watoto hawa wataumia."

Maneno yake yalikuwa ya kweli, na hakuna aliyemzuia. Akaenda. Watu wakadhani ndovu watamkanyaga. Hawakumgusa. Kiongozi aliweka mkonga wake juu ya kilima, kwa upole, akauacha hapo. Wa pili akafanya hivyo, wa tatu pia, hata ndama ambao hawakujua wanafanya nini. Mwandoe alifika karibu kiasi cha kusikia pumzi zao. Aliona njia yao waliyoijia, nyayo zao zote zikiwa zimebanana kando ya nyayo za mmoja mkubwa aliyekuwa akiburuta miguu.

Akaushusha mkuki. Alirudi, akaketi mchangani mbele ya mama yake.

"Walimngoja," alisema. "Mama, wale walimngoja."

"Niliwaona," Mkamburi akajibu.

Mwandoe akaulaza mkuki, akaweka kichwa chake juu ya yale magoti yaliyokufa, akalia mbele ya watu wake wote, naye mama yake akampapasa kichwa mpaka akanyamaza. Wala hakuna aliyekigusa kile kilima. Waliishi kwa utomvu wa migunga, kwa mijusi, kwa chochote walichookota, mpaka mvua ikarudi.

Iliponyesha, mmea usiojulikana uliota juu ya kile kilima. Majani yake yalikuwa mapana, yamelala chini kama masikio. Wakesho alifukua pembeni kwa mikono, akakuta shina la chini ya ardhi, nene, la kijivu, limepasukapasuka ngozi, limesimama udongoni kama mguu, na kwa chini lina vinundu kama kucha. Alilikata kipande, maji yakachuruzika. Watu waliogopa kukila.

"Nipeni mimi," Mkamburi akasema. "Mimi mlishanililia, sina hasara." Akatafuna, akakunja uso, akatafuna tena. "Kichungu," alisema. "Lakini ni chakula."

Mwandoe akauliza wakiiteje kitu hiki. Mmoja akataja kiazi, mwingine akataja tango la porini. Wakesho akasema, "Ndovu."

"Ndovu ni mnyama, mwanangu."

"Na huyu ni wa ukoo wao, mjomba. Tukimpa jina jingine, nani atajua alitoka kwa nani?"

Wakakubali. Jina likakaa.

Na tangu siku hiyo, ndovu ndiye anayechimba mito iliyokauka. Hana jembe la yule mkubwa wake, anatumia mguu, mkonga na pembe zilizoelekea mbele, na ukimwona anavyohangaika utajua kazi hii aliirithi bila vyombo vyake. Akishakunywa huwaachia wengine shimo, swala na nguruwe na ndege. Akikuta mfupa wa ndovu njiani, hata uwe wa kale namna gani, husimama, akaupapasa, na kundi lote humngoja. Akifika penye ule mmea hula vichaka vyote vya jirani, lakini wenyewe huugusa tu akapita. Nasi tukiuchimba tunakata kipande, tunarudisha udongo.

Na watu wa kwetu wanapohama, hakuna uzio wa miiba unaojengwa. Mzee kuliko wote hubebwa mbele, na anayembeba ndiye anayepanga mwendo. Akitaka kupumzika, msafara wote huketi, hata kama mvua inakuja.