Baiskeli Isiyopanda Garimoshi

Hapo zamani, wakati watawala walipokuwa bado na nafasi ya kushughulikia kanzu za mawaziri wao, palikuwa na Sultani aitwaye Badru, mwenye mji mkubwa uitwao Marumaru. Sultani huyu hakupenda kulala mjini, kwa kuwa mjini kulikuwa na kelele, na kelele zenyewe zilikuwa za raia wake. Basi akajijengea kasri juu ya kilima cha Magengeni, ng'ambo ya pili ya mlango wa bahari, na ili apate kwenda barazani kila asubuhi, akajenga daraja la chuma na juu yake akapitisha garimoshi. Njia ya miguu juu ya daraja hilo hakuiweka. Alisema ingeharibu sura yake.

Watu wa Magengeni walishukuru sana, kama walivyoagizwa. Kila asubuhi walijazana katika mabehewa ya nyuma kwenda mjini kutafuta riziki, na Sultani akakaa katika behewa la mbele penye mito ya hariri.

Miongoni mwa watu hao alikuwamo mnoa visu mmoja, jina lake Feruzi, fukara wa kutupwa. Mali yake yote ilikuwa baiskeli. Nyuma yake alikuwa amefunga jiwe la kunolea, na akiisimamisha kwa stendi na kukanyaga pedali, jiwe lilizunguka na visu vya watu vikapata makali. Wateja wake walikuwa mjini, wauza nyama na wapishi na mafundi cherehani. Magengeni hakukuwa na kazi, kwa kuwa watu wa huko hawakuwa na nyama ya kukata, na kisu kisichokata nyama hakiharibiki. Kwa hiyo baiskeli ikivuka daraja Feruzi alikula, na isipovuka hakula, wala mkewe Bi Zuwena hakula, isipokuwa vitumbua vilivyombakia katika biashara yake pale stesheni.

Siku moja Waziri Mbaruku alichelewa, akakosa behewa la mbele, ikambidi aingie katika behewa la watu wa kawaida. Garimoshi likapinda kuingia darajani, baiskeli ya Feruzi ikayumba, na mnyororo wake ukamgusa Waziri kwenye kanzu, ukamwachia doa jeusi la grisi. Doa lilikuwa dogo, lakini kanzu ilikuwa ya Waziri. Kabla ya adhuhuri mpiga mbiu alikwisha kuzunguka Marumaru na Magengeni akitangaza: "Amri ya Sultani. Tangu leo, ni marufuku baiskeli kupanda garimoshi."

Kesho yake Feruzi alifika stesheni mapema, akaketi juu ya kiti cha baiskeli yake, mguu mmoja umegusa chini. Mkaguzi wa tiketi akamwendea.

"Wewe hukusikia mbiu? Baiskeli haipandi garimoshi."

"Nimesikia, bwana mkubwa, na nimefurahi," Feruzi akajibu. "Hii baiskeli tangu niwe nayo haijapanda kitu. Haijapanda mti, haijapanda ngazi, hata kitandani kwangu haijapanda. Hapa mpandaji ni mimi. Mimi nimeipanda baiskeli, na sasa mimi ninapanda garimoshi. Yenyewe imepandwa tu, maskini, haina kosa."

Mkaguzi akafikiri. Hakuwa amezoea kufikiri kabla ya kunywa chai, na alipokuwa bado anatafuta kosa liko wapi, Feruzi alikwisha kanyaga pedali, akapita juu ya ubao wa kupakilia mizigo wa behewa la nyuma, akaingia juu ya baiskeli yake, ameinamisha kichwa asigonge mlango. Abiria wakacheka mpaka wakamsahau mkaguzi.

Habari zikafika barazani kabla Feruzi hajanoa kisu cha kwanza, akaitwa. Sultani Badru aliposikia hoja ya kupanda na kupandwa, ndevu zake zilicheza kidogo, lakini Waziri akapiga magoti mbele yake akasema, "Ee mtukufu, leo anacheza na neno, kesho atacheza na kiti chako. Niachie mimi niandike amri isiyo na tundu hata la kupita chawa."

Sultani akamwachia, kwa kuwa ilikuwa karibu na wakati wa chakula. Basi Waziri akaandika kwa mkono wake, akaisoma kwa sauti huku akimtazama Feruzi: "Ni marufuku kwa mtu yeyote kupanda garimoshi hali amepanda kitu kingine. Atakayekutwa atashushwa papo hapo mbele ya watu, na kile alichokipanda kitakuwa mali ya yule aliyemwona kwanza." Akakunja karatasi. "Haya, mnoa visu. Ukiisukuma baiskeli iingie, itakuwa imepanda yenyewe, na amri ya kwanza ipo. Ukiingia juu yake, umepanda viwili. Sasa cheza na neno."

Sultani akapiga muhuri. Watu wa barazani wakasifu hekima ya Waziri, hasa kile kipande cha aliyeona kwanza, maana sasa kila maskini atamchungulia maskini mwenzake bila kulipwa mshahara wa askari. Feruzi akaruhusiwa kurudi na baiskeli yake kwa mara ya mwisho. Alikuwa na hofu, na hofu yenyewe haikuwa ya Sultani, ilikuwa ya chungu chake.

Jioni alimweleza mkewe yote. Bi Zuwena alikuwa anachambua mchele wa vitumbua, hakuinua macho.

"Yaani kila mtu aingie kwa miguu yake?" akauliza.

"Kila mtu. Imeandikwa mtu yeyote."

"Mimi nauza pale stesheni mwaka wa ngapi huu," Bi Zuwena akasema, "na yupo mmoja sijaiona miguu yake hata siku moja. Sijui hata kama anayo."

Feruzi akamtazama mkewe. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka Bi Zuwena akamwambia aache kumpulizia mchele.

Asubuhi ikawa Feruzi kafika stesheni kwa miguu, ameiegemeza baiskeli penye meza ya vitumbua, naye akasimama karibu na mlango wa behewa la mbele. Haukupita muda akaja Sultani Badru, amepanda machela yake kama ilivyo desturi, imebebwa mabegani na wapagazi wanne, Waziri anatembea kando akitazama pa kuweka kiatu. Wapagazi wakaanza kuinua machela kuipitisha mlangoni. Hapo Feruzi akajitupa chini na kulia kwa sauti.

"Una nini wewe?" Sultani akauliza kutoka juu.

"Ee bwana wangu, nimeona. Nilijaribu kufumba macho, nikachelewa."

"Umeona nini?"

"Nimeona mtu anapanda garimoshi hali amepanda kitu kingine. Na msiba ni kwamba mimi ndiye niliyemwona kwanza."

Waziri akafurahi sana, kwa kuwa amri yake ilikuwa haijamaliza hata siku moja na imekwisha kamata. "Ni nani huyo?" akasema. "Yuko wapi? Askari, mshusheni."

"Siwezi kumtaja, bwana Waziri, adabu inanizuia," Feruzi akasema. "Lakini hatumkosi. Sisi wote tuko chini, na yeye yuko juu."

Askari wakatazama huku na huku. Halafu wakatazama juu, wakarudisha macho chini upesi. Wapagazi wakabaki na machela mabegani, hawajui waingie au warudi.

Waziri akamkaripia. "Mjinga wewe. Amri haimhusu Sultani."

"Nami ndivyo nilivyotaka iwe," Feruzi akajibu kwa unyenyekevu. "Lakini bwana Waziri mwenyewe aliandika mtu yeyote. Sasa atufafanulie mbele ya watu kwamba bwana wetu si mtu, tumalize. Mimi mnoa visu tu, sina ulimi wa kutamka neno kama hilo."

Sultani akageuka kwenye mito yake.

"Sema, Mbaruku," akasema. "Hata mimi nasubiri. Ni mtu au si mtu?"

"Wewe... wewe ni zaidi ya mtu, ee mtukufu."

"Zaidi ya mtu ni mtu na ziada," Feruzi akasema akiwa bado kifudifudi. "Basi ashuke yule mtu, ile ziada ibaki juu."

Sultani Badru akaamuru machela ishushwe. Akaweka mguu chini, viatu vyake laini vya ndani vikazama katika majivu ya makaa, kisha akaliendea behewa, akaona kumbe ngazi yake ya kwanza iko juu, karibu na goti. Akainua mguu mara ya kwanza, akashindwa. Mara ya pili Bi Zuwena akaiacha meza yake ya vitumbua, akatangulia kupanda mlangoni, akamshika mkono, akamvuta kama anavyovuta gunia la mchele. Sultani akasimama mlangoni akihema, akawatazama watu wake wakiwa wamebana midomo, naye akaanza kucheka, ndipo na wao wakathubutu.

"Amri zote mbili nimezifuta," akasema. "Na machela ni yako, mnoa visu. Sheria ni sheria."

"Ahsante, bwana wangu, lakini machela inataka wapagazi wanne, na mimi kulisha watu wawili kunanishinda. Chukua machela yako. Nipe nafasi ya baiskeli yangu garini, na mkono mmoja wa kuishika pale darajani, isimwangukie mtu mwenye kanzu safi."

"Mkono wa nani?"

"Wa mtu anayeijua hatari yake."

Hakuhitaji kumtaja. Basi ikawa tangu siku hiyo, kila asubuhi garimoshi likipinda kuingia darajani, Waziri Mbaruku yuko katika behewa la nyuma, ameshika usukani wa baiskeli kwa mikono miwili, na Feruzi ameketi anakula kitumbua. Grisi haikuacha kazi yake. Kanzu ya kwanza ikaharibika, na ya pili, mpaka Waziri akashona kanzu nyeusi. Wakubwa wa Marumaru walipomwona walidhani ni fasheni mpya kutoka ng'ambo, wakashona na wao, na hata leo ukimwona mkubwa wa mji ule amevaa kanzu nyeusi, atakwambia ni heshima. Mimi nilipopita kule sikubisha, nilinunua vitumbua vyangu nikapanda gari.