Fundi Cherehani na Wagombea Watatu

Sikilizeni, ndugu zangu, na kila mtu ajitazame mwenyewe, asimtazame jirani.

Katika mji mmoja, ambako wananchi wenyewe humpigia kura meya wao, kulikuwa na mama mmoja fundi cherehani. Alishonea kibarazani kwake, na mbele yake palikuwa na benchi la wateja. Mwaka ule wa uchaguzi, wagombea wote watatu walikuja kwake kushonewa nguo za kampeni.

Na fundi, ndugu zangu, humjua mtu kwa kumpima. Wa kwanza alikuwa mfanyabiashara wa mbao. Futi ilipomzunguka kiunoni alibana tumbo, fundi akajisemea: huyu hata futi anataka kuidanganya. Wa pili alikuwa mwalimu mstaafu. Kila kipimo alikisahihisha, "Hapana, rudia," mpaka akamchosha. Ila kila aliporudia alikuta mwalimu amesema sawa. Mkali, akawaza, lakini amenyooka. Wa tatu alikuwa mkunga wa zahanati, aliyemzalisha fundi huyo watoto wake wote. Yeye alisimama ametulia, akamuuliza habari za maumivu ya mgongo.

Mfanyabiashara aliuliza, "Vipi, huku mnanionaje?" Fundi akajibu, "Mheshimiwa, ni wewe tu!" Mwalimu naye aliuliza, naye akaambiwa, "Ni wewe tu, Mwalimu!" Kwani neno tamu hulipiwa ushuru?

Lakini benchini yalisemwa mengine. "Mkunga ni mama yetu," wateja walisema, "lakini umeya? Ataipata wapi sauti ya kuwafokea madiwani?" Wengine walikuwa kwa mwalimu, wengine kwa mfanyabiashara aliyegawa kofia na vitenge. Fundi mwenyewe alikwisha kuamua moyoni: mwalimu.

Wiki ya mwisho mkunga alikuja peke yake, bila wapambe, akaketi benchini.

"Mwanangu, nakuuliza jambo, na naomba usinifiche. Yule mtu wa mbao anakitaka kiwanja cha zahanati, kile tulichotengewa kujenga wodi ya wazazi. Akishinda, kimekwenda. Mimi na mwalimu tukigawana kura, atapita katikati yetu. Kama watu hawako nami, kesho najitoa, nawaambia watu wangu wampe mwalimu. Hapa kwako wanakaa watu wa kila namna. Wanasemaje?"

Fundi aliinama. Akakata uzi ambao haukuhitaji kukatwa. Moyo ulimwambia, sema. Lakini atamwambiaje mama huyu, ambaye mikono yake ndiyo iliyowapokea wanawe, kwamba watu hawamtaki? Nanyi mnaonisikia, mngemwambia?

"Mama," akasema, "huku kote ni wewe."

Mkunga akamtazama. "Kweli?"

"Kweli kabisa. Usitie shaka."

Tangu hapo fundi hakuwa na raha. Alishona mkono wa kushoto mahali pa kulia, akafumua, akashona tena akakosea tena. Siku moja alifunga cherehani, akashika njia ya zahanati. Alipofika njia panda akarudi, akijiambia kuwa mkunga hakosi watu wengine wa kuwauliza. Siku ya kura alisimama kwenye foleni akigeukageuka, akiomba asimwone. Akaingia, akampa mwalimu kura yake, akatoka mbiombio kama mtu aliyeiba.

Mfanyabiashara akashinda. Kura za mwalimu na mkunga zikiwekwa pamoja zilimzidi kwa mbali, lakini nani wa kuziweka pamoja? Hata masika hayajaingia, kiwanja cha zahanati kilikuwa kimezungushiwa mabati, malori ya mbao yanaingia na kutoka.

Benchini watu walilaani. "Wanasiasa waongo hawa!" Na fundi, ndugu zangu, naye akadakia: "Waongo wakubwa! Wanatudanganya mchana kweupe!" Alipoinua macho, mkunga alikuwa amesimama barabarani, anamsikiliza.

Fundi akainuka. "Mama, mimi kura yangu..."

"Kura yako ni siri yako, mwanangu, wala sikuiomba," mkunga akasema, bila kupandisha sauti. "Nilikuomba ukweli. Huo ungenifaa."

Akaenda zake.

Ndugu zangu, mtu wa mbao alikuwa mwongo, nani anabisha? Lakini uongo uliomfungulia mlango wa ofisi haukutoka kinywani mwake. Ulitoka kinywani mwa mwanamke mwema, mwenye huruma, asiyependa kumuudhi mtu. Yaani mtu kama mimi na wewe.

Kila uchaguzi tunalia kwamba hatupati viongozi wakweli. Na sisi je, tumewaambia nini? Wala si wao tu. Binti anakuuliza, "Shangazi, huyu mchumba unamwonaje?" Rafiki anakuuliza, "Hii biashara yangu itasimama?" Sisi tunacheka, tunasema, "Safi kabisa!" Hata mimi, hapo mlangoni mnanishika mkono, "Mahubiri mazuri sana!" Mkifika kwenye kona, Mungu ndiye anayejua mnasema nini. Tunaiita heshima. Tunaiita upole. Lakini kuna mtu amekwenda kuanguka kwenye njia tuliyomwambia ni salama.

Wiki hii atakuja mtu kwako. Ataketi, atakutazama usoni, atasema: naomba usinifiche.

Utamjibu nini?