Matanga ya Bibi Yake Fisi

Hapo zamani za kale, wanangu, mashahidi wote walikubaliana juu ya jambo moja: asubuhi ile, kwenye tanuri la matofali la Mzee Tembo, aliyefika kazini alikuwa Nguchiro peke yake.

Fisi, Kiboko na Nyati walikuwa wametuma udhuru wa aina moja: kila mmoja amefiwa na bibi yake.

"Basi matofali yote utayabeba wewe," Tembo akamwamuru Nguchiro. "Yasipoingia tanurini kabla ya mvua, usirudi hapa!"

Nguchiro akalitazama rundo. Tofali moja tu lilimzidi kimo. Akawaza: bibi yake Fisi alikufa wakati wa palizi, akafa tena wakati wa mavuno. Dai si ushahidi. Lakini kumwita mfiwa mwongo ni utovu wa adabu.

"Mzee, kazi haitangulii msiba," akasema kwa unyenyekevu. "Twende tukampe pole."

Ndu! Ndu! Ndu! Ngoma ya msiba ikalia. Mtaa mzima ukaandamana na mikeka na turubai hadi kwa Fisi. Wakamkuta amejinyoosha kitandani, anaguguna mfupa, kwacha-kwacha.

"Pole, kaka!" Nguchiro akasema. "Shuka mkekani, mfiwa halali kitandani. Na huo mfupa uweke. Mfiwa hali kabla wageni hawajashiba."

"Uwii! Bibi yangu!" Fisi akalia, macho yakiifuata sufuria yake ya nyama ikipakuliwa. Kiboko na Nyati, walioifuata harufu, walikuwa wa kwanza kunyoosha sahani.

Ndipo bibi mwenyewe akaingia kutoka kisimani, mtungi kichwani.

"Kulikoni? Nani kafa?"

"Ni wewe, Bibi," Nguchiro akamjibu kwa heshima.

"Masikini mimi! Na nilivyokuwa mwema!" Pu! Akaketi mkekani, akalia kuliko wote. Kisha akafuta machozi. "Mmenibakizia nyama?"

"Kula upesi, Bibi. Kutoka hapa tunakwenda kwa Kiboko, kisha kwa Nyati. Nao wamefiwa."

Kiboko akapaliwa. "Bibi yangu? Amepata nafuu!"

"Wa kwangu amefufuka!" Nyati akadakia.

Vishindo! Hao, mbio tanurini, Fisi nyuma yao. Mvua iliponyesha, matofali yote yalikuwa ndani.

Wanangu, amzikaye aliye hai hulisha waombolezaji.

Kesho yake wote watatu walifika mapema. Asiyefika alikuwa Nguchiro: alituma salamu kwamba koo linamuuma kwa kulia msibani. Kwamba alilia, mashahidi wote wanakubali. Koo lenyewe, hakuna aliyelichungulia. Amueni wenyewe.