Komeo Upande wa Ndani

Palikuwa na mji mmoja mlimani ambao nyumba yake ya baraza haikuwa na mlango. Si kwamba mlango ulivunjika au uliibwa. Haukuwahi kuwapo. Wazee walioijenga nyumba ile waliacha uwazi mpana upande wa mashariki, wakasema nyumba ya wote haifungwi. Basi mbuzi waliingia, wakafukuzwa. Mvua ya upepo iliingia, watu wakasogea nyuma. Siku moja mlevi aliingia katikati ya shauri la mirathi, akajilaza sakafuni, na wazee wakaamua shauri lile mpaka mwisho huku yeye anakoroma. Ilikuwa nyumba yenye usumbufu, sikatai.

Lakini ilikuwa na kawaida yake. Kila mwaka, maharage yakishavunwa, jumbe wa mji, yaani mkubwa wao, alitoka ndani akaenda kusimama nje, juani, peke yake. Wenye mji walibaki kivulini wakamsema. Walimsema kwelikweli: upendeleo wake, mashamba aliyoyagawa kwa shemeji zake, maneno aliyoyatoa akiwa amelewa. Naye alisikia yote, kwa sababu hapakuwa na mlango. Wakiridhika, walimwita, "Ingia." Wasiporidhika, waliita jina la mtu mwingine, na yule wa kwanza alikwenda zake nyumbani kulima kama wenzake.

Na kulikuwa na kawaida ya pili. Kijana akitumwa mbali kwa neno la baraza, hurudi kwa neno la baraza. Harudi kwa amri ya jumbe peke yake, wala kwa machozi ya mama yake.

Katika mji huo alikaa mjane mmoja aliyeitwa Mama Mbazi, kwa jina la mwanawe. Mbazi ndiye mtoto aliyekuwa naye, hakuwa na mwingine. Marehemu baba yake alikuwa amewaachia kitanda cha mvule, kizito, kisichoingiwa na mchwa, na juu ya kitanda hicho Mbazi alikulia. Ubavuni palikuwa na alama nyeusi ya kuungua, yenye ncha kama jani. Siku moja alipokuwa akinyoosha shati la shule aliiweka pasi ya mkaa pale akaisahau. Mama yake alimchapa siku ile. Miaka ilivyopita akawa kila anapotandika anaigusa alama ile na kutabasamu.

Ikaja habari ya vita. Vilikuwa vita vya nchi ya mbali, ng'ambo ya mito na mapori, baina ya watawala wawili ambao hakuna mtu wa mji ule aliyewahi kuwaona. Ila mmoja wao alikuwa rafiki wa jumbe, walipelekeana zawadi. Jumbe akaita baraza.

"Ndugu zangu," akasema, "rafiki yetu amevamiwa. Akishindwa yeye leo, kesho ni sisi. Anaomba vijana."

Mzee mmoja akauliza, "Nchi hiyo iko umbali gani, jumbe?"

"Mbali sana, mzee wangu."

"Basi huyo adui atafikaje huku kesho? Anakuja na mbawa?"

Watu wakacheka. Jumbe hakucheka. Akasema polepole, "Mzee anatania, na watoto wa wenzetu wanachinjwa."

Kicheko kikafa palepale. Nani angependa kuonekana anacheka mbele ya watoto wanaochinjwa? Baraza likakubali. Vijana wakaenda, na Mbazi alikuwa miongoni mwao.

"Nenda, mwanangu," mama yake akamwambia. "Usichelewe. Nani atanipalilia?"

"Nitarudi kabla magugu hayajajua kuwa nimeondoka," akajibu Mbazi, na wote wawili wakacheka ili wasilie.

Tangu siku hiyo jumbe akapata neno. Njia ya kwenda chemchemini imeporomoka, jumbe. "Kuna vita." Shemeji yako amesogeza mpaka wa shamba langu. "Mama, kuna vita, wewe unazungumza mipaka?" Mbuzi wako wamekula maharage yangu. "Kuna vita!" Hata mbuzi, ndugu zangu! Na watu wakaondoka wakiona aibu, kana kwamba kuliwa maharage ni usaliti.

Mwishowe akasema baraza litiwe mlango. Wapelelezi wanapita, alisema, na sisi tunazungumza hadharani kama watu wa sokoni. Kila nyumba itoe ubao.

Mpambe wake akafika kwa Mama Mbazi. Akazunguka chumbani, macho yake yakatua kwenye kitanda.

"Hiki kinafaa."

"Baba, hicho ni kitanda cha mwanangu."

"Mwanao analala wapi sasa?"

"Mimi nitajuaje? Ninyi mliompeleka ndio mnajua."

"Basi kitanda kimekaa bure. Mama, mlango huu ni kwa ajili ya vijana. Wapelelezi wakisikia mipango yetu, atakayeumia ni nani? Si Mbazi?"

Mama Mbazi akakivua kitanda shuka mwenyewe. Walipokitoa nje alikishika upande mmoja, kuwasaidia.

Siku ya kupanga mlango, watu walibishana hasa. Wengine walitaka upakwe rangi ya kijani, wengine ya udongo. Wengine waliuliza mbuzi waliozoea kuingia watazoea vipi kukaa nje. Bawaba zitoke kwa mhunzi yupi? Ufunguke kwa kusukuma au kwa kuvuta? Walibishana mpaka jua likageuka.

Ndipo akasimama mfinyanzi mmoja, mwanamke mwenye ulimi mkali, aliyekuwa amegombana na nusu ya mji kwa mambo ya kuku na mipaka. Akasema, "Naomba kuuliza. Komeo litakaa upande gani?"

Jumbe akasema, "Komeo ni jambo dogo."

"Kama ni dogo, lijibu. Ndani au nje? Maana nyumba ni yetu sote. Sasa anayefungiwa ni nani, na anayefunga ni nani?"

Mama Mbazi akasimama. "Kaa chini wewe! Wako yuko nyumbani anakula ndizi. Wangu yuko vitani, na kitanda chake nimekitoa. Wewe umetoa nini? Maneno!"

Watu wakapiga makofi. Jumbe naye akasema, kwa upole kabisa, kwamba mtu anayeuliza habari za komeo wakati wa vita pengine ana shauri lake na adui, na ni vema akae nje ya baraza kwa sasa. Kwa sasa tu. Kwa hiyo mlango ule ulipofungwa kwa mara ya kwanza, haukufungiwa mpelelezi. Ulimfungia mfinyanzi. Hakuna aliyesikitika, kwa sababu hakupendwa, na Mama Mbazi alikuwa wa mwisho kuacha kupiga makofi.

Komeo liliwekwa ndani.

Maharage yakavunwa. Watu wakajaa barazani, wakangoja jumbe atoke asimame juani. Jumbe akajikohoza. "Mwaka huu tufanye tofauti kidogo. Kuna vita. Mkubwa wa mji akisimama nje peke yake, adui akamwona, si hatari? Tokeni ninyi. Nisemeni hukohuko nje. Mimi nitawasikiliza nikiwa ndani."

Nao wakatoka. Tena wakatoka kwa mzaha! "Leo sisi ndio majumbe," mmoja akasema akijitanua kifua, na wenzake wakacheka. Nyuma yao komeo likaanguka mahali pake. Wakasimama juani wakasema waliyokuwa nayo. Wakangoja jibu. Kiu ikawashika, na mmoja baada ya mwingine wakaenda nyumbani. Mwaka uliofuata hawakuitwa kabisa.

Siku moja asubuhi akapita mchuuzi wa vitenge, mtu wa safari za mbali. Mama Mbazi akampa maji, akamuuliza habari za vita.

"Vita vipi, mama? Vile? Vimekwisha zamani. Wale watawala wawili wameozeshana watoto wao. Nilikuwapo arusini, nimekula pilau kwa mikono yangu hii."

Mama Mbazi akaweka kata chini. "Na vijana wetu?"

"Wapo. Wanalinda mashamba ya yule rafiki wa jumbe wenu. Niliwauliza, jamani, mbona hamrudi kwenu? Wakaniambia wametumwa na baraza, wanangoja neno la baraza."

Mnaona? Katika mji mzima, waliobaki wakiishika kawaida ya wazee ni wale watoto waliokuwa mbali. Waliamini kwamba kwao bado kuna baraza.

Mama Mbazi hakuchukua hata mtandio. Alikwenda mbio mpaka kwenye ile nyumba, akagonga.

"Nani?" Ilikuwa sauti ya jumbe.

"Mama Mbazi. Liite baraza, jumbe. Nataka neno la kumrudisha mwanangu."

"Baraza halikai sasa. Kuna vita."

"Vita vimekwisha!"

Sauti ya ndani ikauliza, "Nani amekwambia?"

Hakuuliza kama ni kweli. Aliuliza nani amesema. Mama Mbazi akaelewa kwamba jumbe alijua tangu zamani. Akaupiga mlango kwa kiganja, akaupiga kwa ngumi, akausukuma kwa bega. Haukutikisika. Akaweka paji la uso juu ya ubao apate pumzi, na mkono wake ukapapasa kando, na vidole vyake vikakuta kitu vilichokijua. Chini ya rangi ya kijani palikuwa na bonde dogo la kuungua, lenye ncha kama jani.

Kilichomzuia kumwita mwanawe kilikuwa kitanda cha mwanawe. Alikivua shuka yeye mwenyewe. Na mbao zilikuwa nzuri; baba yake Mbazi hakununua kitu kibovu.

Mfinyanzi alisikia vishindo kutoka kwake, akaja na udongo mikononi. Mama Mbazi alipomwona aliinamisha macho, akingoja maneno yanayomstahili. Yule mwanamke mwenye ulimi mkali hakusema hata moja. Aliweka bega lake kando ya bega la mwenzake, wakasukuma pamoja. Watu wengine wa mji walichungulia madirishani.

Ndugu zangu, najua mnachosubiri. Mnataka nimlaani jumbe, halafu tuseme amina, twende tukale. Mimi jumbe hanishangazi. Aliyeonja kivuli hapendi jua. Hilo halihitaji mahubiri. Sisi wenye mji ndio tunaonichosha.

Ubao ule ulitoka kwa nani? Adui hakuleta hata msumari. Tulichanga sisi, kwa upendo, tukilia, tukiamini tunawalinda watoto wetu. Tuliambiwa kuna vita mahali fulani, na kwa neno hilo moja tukaona aibu kuuliza habari za njia, za mpaka, za maharage yetu wenyewe. Tulibishana juu ya rangi! Mtu mmoja aliuliza swali lenye maana, na kwa kuwa tulikuwa na ugomvi naye wa kuku, tukamfungia nje na kupiga makofi. Tulidhani mlango umefungiwa yeye. Lini mlango uliwahi kujifunza kufunga mtu mmoja tu?

Na tulipoambiwa tutoke nje, tulitoka tukicheka.

Kwa hiyo siwaombi muwe mashujaa. Nawaomba mambo madogo, ambayo tumeshindwa hata hayo. Kesho mtu akija nyumbani kwako kuomba ubao kwa ajili ya usalama wako, kabla hujavua shuka, muulize komeo litakaa upande gani. Akikwambia ni jambo dogo, kaa juu ya kitanda chako usiinuke. Na jirani yako akiuliza swali hilo kabla yako, hata kama ni yule usiyemsalimia, usimwambie akae chini. Simama naye.

Mlango wa mvule hausukumwi na mabega mawili. Wale akina mama wapo pale hadi sasa, wanasukuma, na vijana wanangoja neno. Nasi bado tuko madirishani.